Kiwanuka au Adongo: njia mbili za kufika kwenye ulinzi wa NFL, na ipi ya kumshauri kijana

Mathias Kiwanuka na Daniel Adongo wana urefu sawa, kama mita 1.96, na walipokuwa wakicheza kila mmoja alikuwa na uzito wa kilo 120 hivi. Wote walikuwa walinzi kwenye NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na jiji la Indianapolis limo katika maisha ya wote wawili. Kiwanuka alizaliwa huko mwaka 1983 katika familia iliyotoka Uganda. Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alifika huko mwaka 2013 kuichezea Colts, timu ya NFL ya jiji hilo. Mmoja alidumu misimu 9 akaondoka na pete 2 za ubingwa. Mwingine aliachwa kabla msimu wake wa tatu haujaanza, akiwa amecheza mechi za kuhesabika. Kwa kuwa miili yao ilikaribiana hivyo, sababu ya tofauti hiyo inabidi itafutwe kwingine.

Ulinganisho huu ni wa mzazi au kocha mwenye kijana mrefu, mzito na mwenye mbio ambaye ameanza kuizungumzia NFL. Vijana wa aina hiyo wameongezeka Kenya tangu ligi hiyo ilipofanya kambi Nairobi Aprili 2023 chini ya Osi Umenyiora, mlinzi wa zamani wa New York Giants ambaye nitamrudia baadaye. Njia zilizo mbele yao kimsingi ni mbili: shule na chuo cha Marekani, kama Kiwanuka, au kutoka raga moja kwa moja, kama Adongo.

Kwanza kazi yenyewe

Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Walinzi 11 wapo kuzuia yadi hizo. Mlinzi wa ukingo husimama mwishoni mwa mstari wa mbele, na kazi yake kubwa ni kumfikia kotabeki, yule mrushaji na mwongoza mashambulizi, na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi. Tendo hilo huitwa saki. Wawili wakimwangusha pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Nyuma ya mstari huo husimama malainibeka, ambao mara wanamkimbilia mbeba mpira, mara wanarudi nyuma kuziba pasi.

Klipu za mtandaoni huonyesha saki tu, na hapo ndipo vijana wengi hudanganyika. Msimu wa enzi za Kiwanuka ulikuwa na mechi 16, na mlinzi aliyefikisha saki 10 alihesabiwa nyota. Piga hesabu mwenyewe: mechi nyingi nyota huyo alitoka na moja au bila kabisa. Muda uliobaki alikuwa akisukumana na majitu ya kilo 140, akisoma miguu yao, akikisia kama mpira utarushwa au utabebwa, na kukaa pale alipoambiwa akae hata kama macho yanamwambia akimbilie kwingine.

Kiwanuka: miaka mingi kabla ya senti ya kwanza

Jina lake la ukoo linajulikana Uganda kuliko linavyojulikana New York. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, na mwaka 1972, akiwa Jaji Mkuu, askari wa Idi Amin walimkamata mahakamani Kampala na akauawa. Mjukuu alikulia Marekani, akasoma na kucheza katika shule ya sekondari ya Cathedral, Indianapolis, kisha akaenda Boston College. Aliondoka chuoni hapo akiwa na rekodi ya saki 37.5, na mwaka 2004 alichaguliwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East.

Kwenye drafti ya 2006, ambapo timu 32 hupokezana kuchagua wachezaji wapya, Giants walimchukua nafasi ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza. Kwa karatasi ni heshima kubwa. Kwa nafasi uwanjani ilikuwa balaa, maana Giants tayari walikuwa na Michael Strahan ukingo mmoja na Umenyiora ukingo wa pili.

Tukio lililomtambulisha kwa umma lilikuwa kosa. Tarehe 26 Novemba 2006, Giants waliongoza 21-0 dhidi ya Tennessee Titans hadi robo ya mwisho. Titans wakaanza kurudi. Katika jaribio la nne, wakihitaji yadi 10, Kiwanuka alimfikia kotabeki Vince Young na kumkumbatia kabisa. Kisha akamwachia. Alidhani Young amekwisha kurusha mpira, na kumwangusha mrushaji ambaye hana tena mpira ni kosa la kuadhibiwa kwa yadi 15. Mpira bado ulikuwa mkononi. Young akatoka mbio, akazipita yadi zilizohitajika, na Titans wakashinda 24-21.

Shika hilo, kwa sababu ndilo kipimo changu katika ulinganisho huu wote. Kijana huyu alikuwa amecheza sekondari na chuo, akavunja rekodi ya chuo chake, na bado katika sekunde moja sheria aliyoijua ilimzidi kasi. Kotabeki alikuwa mikononi mwake. Kilichomponyoka ni uamuzi.

Mwaka 2007 walimhamishia nyuma kuwa lainibeka, kazi ambayo hakuizoea, kwa sababu kingo zote zilikuwa na wenyewe. Novemba akavunjika mguu. Timu yake ikaenda kuchukua Super Bowl, fainali ya ubingwa wa NFL, dhidi ya New England Patriots, waliokuwa wameshinda mechi zote 18 za msimu, na yeye akaangalia akiwa majeruhi. Mwaka 2008 Strahan alikuwa amestaafu na Umenyiora ameumia goti, hivyo Kiwanuka akarudishwa ukingoni na kupata saki 8. Mwaka 2010 alianza kwa moto, saki 4 katika mechi 3, kisha diski ya shingo ikamtoa kwa msimu mzima. Akarudi tena. Februari 2012 Giants waliwafunga Patriots 21-17 kwenye Super Bowl iliyochezwa Indianapolis, mji aliozaliwa, na safari hii alikuwa uwanjani. Giants walimwachia mwaka 2015. Jumla: saki 38.5.

Hakuwa nyota wa kwanza wa kikosi hata msimu mmoja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kumtumia kama mfano. Mvulana wa kawaida mwenye kipaji hatakuwa Lawrence Taylor, mlinzi nguli wa zamani wa Giants. Akibahatika sana, atakuwa mtu wa aina ya Kiwanuka: wa lazima kikosini, anayehamishwa huku na kule, na anayebakizwa kwa sababu akiambiwa leo ni lainibeka anajua pa kusimama.

Adongo: kutoka raga hadi Colts bila mechi hata moja

Adongo alikuwa mchezaji wa raga wa mbele, aliyepitia timu za Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 alikuwa na nafasi katika kikosi cha Southern Kings cha Afrika Kusini pale Colts walipomsainisha, mwezi Julai. Alikuwa na umri wa miaka 23 na hakuwahi kucheza mechi yoyote ya futiboli ya Kimarekani. Colts walimpanga lainibeka wa pembeni, yule ambaye mara nyingi kazi yake ni ileile ya kumfuata kotabeki.

Alianzia kikosi cha mazoezi, kundi la akiba linalofanya kila kitu isipokuwa kucheza Jumapili. Desemba mwaka huohuo alipandishwa kikosi kamili na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Dakika zake zilikuwa za vikosi maalumu, yaani mipira ya kuanzia na ya kurudisha, ambako kazi ni kukimbia uwanja mzima na kumwangusha aliyedaka. Hapo raga inasaidia kweli. Msimu wa 2014 majeraha yalimweka nje kwa sehemu kubwa, na 2015 Colts wakamwachia.

Nimesoma simulizi nyingi zinazolichukulia jambo hili kama aibu au fumbo. Sioni fumbo. Kufika kikosi cha watu 53 ndani ya miezi mitano, ukiwa hujui hata namna ya kuinama kwenye mstari, ni kazi ambayo maelfu ya Wamarekani waliocheza tangu utotoni hawaiwezi. Kilichokosekana ni muda.

Kwa nini raga haitoshi kwa mlinzi

Watu husema raga na futiboli ya Kimarekani ni ndugu, kwa hiyo mkabaji wa raga atakuwa mlinzi mzuri. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Kukaba kwa bega na mikono, kutoogopa kugongwa, pumzi: vyote vinahama vizuri. Lakini sheria za raga zinakataza kumzuia mtu asiye na mpira. Mchezaji anaweza kukua kwenye raga miaka 10 bila kukutana na mtu ambaye kazi yake halali ni kumzuia asifike alikoelekea. Kwenye NFL mlinzi wa ukingo anakutana na mtu huyo kila jaribio, na mtu huyo anajua kutumia mikono kuliko bondia.

Kuna mikono, kuna miguu, halafu kuna kusoma. Kabla mpira haujaanza, mlinzi anatakiwa atambue mpangilio wa wapinzani, asikie mabadiliko ya lainibeka wa kati, akumbuke ni jaribio la ngapi na yadi ngapi zimebaki, kisha aamue. Jaribio lenyewe huisha ndani ya sekunde chache. Kwenye raga mpira unaendelea, na ukikosea unakimbia kurekebisha. Huku ukikosea, wenzako 10 wamekwisha kuathirika na kocha atairudisha picha hiyo mbele ya wote Jumatatu asubuhi.

Kiwanuka alijifunza haya sehemu ambayo kosa halikumfukuzisha mtu. Wakati wake chuo kilimpa mchezaji miaka 5 ya kutumia misimu 4 uwanjani, na NFL yenyewe haimruhusu mtu kuingia drafti mpaka miaka 3 ipite tangu darasa lake la sekondari lihitimu. Adongo alijifunza mahali ambapo kila kambi ya kiangazi huanza na watu 90 na kuisha na 53.

Umenyiora na Obada, waliopita katikati

Umenyiora alizaliwa London, akaishi Nigeria tangu miaka 7, na akiwa na miaka 14 akahamia Auburn, Alabama. Futiboli aliianza akiwa katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Vyuo vikubwa havikumkimbilia. Alikwenda Troy, chuo kidogo cha jimbo hilohilo, na Giants wakamchukua raundi ya pili mwaka 2003, nafasi ya 56. Alimaliza na saki 85 na pete 2. Tarehe 30 Septemba 2007 alimwangusha kotabeki wa Philadelphia Eagles mara 6 katika mechi moja, na mwaka 2010 alisababisha wapinzani waangushe mpira mara 10 kwa msimu.

Kwa hiyo kuchelewa kuanza hakujamzuia mtu. Umenyiora alichelewa kwa Mmarekani, lakini bado alipata misimu miwili ya sekondari na minne ya chuo kabla ya kulipwa. Ukimweka pamoja na Kiwanuka utaona mlango unaofunga taratibu: miaka 16 bado uko wazi, miaka 18 umeanza kurudi, miaka 23 unaingilia upenyo.

Efe Obada aliingilia upenyo huo akabaki. Alizaliwa Nigeria, akaletwa Ulaya akiwa mtoto na kuachwa London bila mlezi, akalelewa na serikali. Alianza kucheza utu uzima katika timu ya ridhaa ya London Warriors na alikuwa na mechi 5 tu pale Dallas Cowboys walipomsainisha mwaka 2015. Hakufanikiwa mara moja. Aliachwa na zaidi ya timu moja, kisha mwaka 2017 akaingia mpango mpya wa ligi wa kuwaandaa wachezaji wa nje, akapelekwa Carolina Panthers. Septemba 2018, katika mechi yake ya kwanza rasmi, alipata saki na kudaka pasi ya wapinzani, na wiki hiyo akatangazwa mlinzi bora wa kanda yake. Kutoka mkataba wa kwanza hadi mechi hiyo ilipita miaka mitatu. Adongo hakupewa miaka mitatu ya namna hiyo. Mpango huo haukuwepo wakati wake.

Fedha, na kinachobaki baadaye

Hapa njia ya Adongo ina mvuto wa wazi. Mwaka 2013 kikosi cha mazoezi kililipa dola 6,000 kwa wiki, na mgeni aliyeingia kikosi kamili alikuwa na kima cha chini cha dola 405,000 kwa msimu. Mwaka 2025 viwango hivyo vilikuwa dola 13,000 kwa wiki na dola 840,000. Lakini mikataba ya kiwango hiki haina dhamana ya maana. Unalipwa kwa wiki uliyopo, na Jumanne ya wiki inayofuata unaweza kuwa umeachwa. Pensheni ya wachezaji huanza kuhesabika ukifikisha misimu 3, na msimu huhesabika ukiwa kikosini kwa angalau mechi 3.

Chuo kilimpa Kiwanuka ada, chakula na malazi, bila mshahara. Siku hizi vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wanariadha, ila kijana wa Afrika Mashariki asihesabu fedha hizo haraka. Viza ya mwanafunzi, F-1, ina masharti makali juu ya kufanya kazi, na wanafunzi wengi wa kigeni wamejikuta wakiangalia wenzao wakisaini mikataba ya matangazo. Kinachobaki kwa hakika ni shahada. Mlinzi anaweza kuvunjika mguu au kuharibika shingo kama Kiwanuka akiwa mwaka wa pili wa chuo, na masomo yake yakaendelea.

Afya haichagui njia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha uchunguzi wa bongo za wachezaji 111 wa zamani wa NFL waliofariki, na 110 zilikuwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Bongo hizo zilitolewa na familia za wachezaji, na nyingi kati ya familia hizo zilikuwa tayari zina wasiwasi, kwa hiyo si sawa kusema karibu kila mchezaji anao. Bado ni takwimu ya kusomwa na mzazi kabla ya kusaini karatasi yoyote. Katika hili njia ya chuo ina hasara: inaongeza miaka ya kugongwa.

Ningemshauri nani nini

Mwenye miaka 15 au 16, tafuta shule, na usihangaike na NFL. Kama ana ndugu Marekani wanaoweza kumpokea kihalali, ukoo uketi uzungumze. Miaka miwili ya sekondari huko ina thamani kuliko kambi kumi za siku tatu. Pengine pa kuulizia ni NFL Academy iliyopo Loughborough, Uingereza, inayochanganya masomo na mazoezi na kuwaandaa vijana kwa vyuo vya Marekani. Alama za darasani zitaulizwa kabla ya mbio za yadi 40, kipimo cha kasi cha futiboli. Akifeli hisabati, mita 1.96 hazitamsaidia.

Kwa wa miaka 17 hadi 19 bado ningesema chuo, hata kidogo, hata cha jimbo ambalo hakuna jirani anayelijua. Troy ya Umenyiora haikuwa na jina.

Aliyevuka miaka 21, tayari analipwa na klabu ya raga, na ana mwili wa kweli, hana muda wa njia ya Kiwanuka. Huyo aende njia ya Adongo, lakini kupitia mpango wa wachezaji wa nje na si kwa mkataba wa ghafla wa Julai. Tangu 2024 kila timu kati ya zote 32 ina nafasi ya ziada ya mchezaji wa nje kwenye kikosi cha mazoezi, na nafasi hiyo ndiyo inayonunua muda. Pia asishikilie kuwa mlinzi. Jordan Mailata alitoka raga ya Australia, Eagles wakamchukua raundi ya mwisho ya drafti ya 2018 na kumfanya mzuiaji wa upande wa mashambulizi. Alikaa misimu miwili bila kucheza mechi, na mwaka 2025 akawa bingwa wa Super Bowl. Kumzuia mtu ni kazi inayoweza kufundishwa mtu mzima mwenye mwili ule kwa urahisi kuliko kusoma mashambulizi ya kotabeki.

Na ajiwekee kikomo cha misimu miwili, huku akiwa na pa kurudi. Louis Rees-Zammit aliiacha timu ya taifa ya raga ya Wales Januari 2024, akapita kwenye vikosi vya Kansas City Chiefs na Jacksonville Jaguars bila kucheza mechi ya msimu, na 2025 akarudi raga akiwa na miaka 24, klabu ya Bristol ikampokea. Yeye alikuwa na jina la kumfungulia mlango. Kijana wa Nairobi au Kampala asiye na jina hilo aiombe klabu yake barua ya kumpokea tena, na aiombe kabla hajapanda ndege.